Chumba cha Mwakilishi

Mkurugenzi wa chuo chetu alituambia tuchemshe maji. Alisimama mbele yetu katika ukumbi wa chakula, suti yake ya kijivu imenyooka, akasema kwa Kifaransa cha taratibu, kama mtu anayefundisha watoto kuvaa viatu, kwamba maji ya bweni la wasichana hayana kasoro yoyote, ila kwa usalama zaidi kila msichana achemshe yake ya kunywa. Halafu akatoka.

Wiki hiyo hiyo matroni wa bweni alikuwa amepita chumba kwa chumba akichukua majiko. Langu lilikuwa dogo, la mafuta ya taa. Mama alilifunga ndani ya kanga akalisukumiza chini ya nguo zangu siku niliyoondoka nyumbani. Matroni alilibeba kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama anayekwenda kutupa panya. Kanuni za bweni zilikataza moto wa aina yoyote. Kwa hiyo tulitakiwa kuchemsha maji na tulikatazwa kuchemsha maji, na amri zote mbili zilitoka kwa mtu mmoja. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo nasikia joto likinipanda shingoni.

Chuo kilikuwa upande wa Kicukiro, kwenye mlima, na miaka ile ya mwanzo wa tisini ulikuwa bado unakutana na mashamba ya maharage na mikaratusi kati ya nyumba na nyumba. Juu kabisa zilikuwa nyumba za walimu, chini yake bweni la wavulana, kisha madarasa, na mwisho kabisa, karibu na bonde, bweni letu. Zamani lilikuwa ghala. Walipoanza kupokea wasichana walipaka chokaa, wakaweka vitanda vya chini na juu, wakatundika msalaba, wakaliita bweni. Nyumba za walimu zilikuwa na maji ya mji. Sisi tulikuwa na tangi la bati lililojazwa na gari, na gari lilichota bondeni, pale pale ng'ombe waliponyweshwa na madereva walipooshea magari yao. Bomba la mji lenyewe lilipita nyuma ya ukuta wetu. Mchana, wengine wakiwa darasani, ukilaza sikio ukutani uliyasikia maji yakienda zake kwa watu wengine.

Mimi nilitoka Gitega, mtaa wa Waswahili humo humo mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, cherehani yake ikikaa barazani mwa duka la nguo, na babu yake alikuwa mtu wa pwani aliyefika na biashara ya vitambaa, akaoa huku, akazikwa huku. Nyumbani tulisema Kiswahili, mtaani Kinyarwanda. Chuoni ilikuwa Kifaransa, na Kiswahili changu kilikuwa kitu cha kufichwa. Kwa wengi pale kilikuwa lugha ya madereva, askari na matapeli. Kumwita mtu Mswahili kulitosha kumwambia ni mwongo. Mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya darasa kama baba yangu anajua niko chuo kikuu au anadhani niko sokoni nauza vitenge. Darasa lilicheka. Nilimjibu kwa Kifaransa kizuri kuliko chake, lakini kicheko kilikuwa kimeshapita, na jibu zuri baada ya kicheko halimsaidii mtu.

Aliyelala kitanda cha juu yangu hakucheka. Alikuwa msichana mrefu kutoka vilima vya mashariki, mtoto pekee wa mama mjane aliyekuwa mkulima, akisoma hesabu ili aje kufundisha. Siku ya kwanza alitundika rozari yake kwenye msumari, akainama kutazama mimi nafanya nini, akaniona nimetandika mkeka nasali. Alingoja nimalize, kisha akaniomba nimfundishe Kiswahili. Alikuwa na ulimi wa nyumbani kwao, r na l zikimchanganya, hivyo mimi nilikuwa "lafiki yangu" na jioni alitaka "kurara". Jumapili nyingine nilikwenda naye Gitega. Baba alimsikiliza akisimulia habari za mama yake kwa sentensi zake za kupindapinda, na hakumsahihisha hata neno moja, mtu ambaye sisi wanawe alitusahihisha mpaka kwenye salamu.

Kitambulisho chake kilisema Mtutsi. Nchi nzima ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu nafasi za shule kwa kitambulisho, na yeye alipata yake kwa alama ambazo nusu ya darasa letu hawakuwa nazo. Hakuwahi kulisema hilo. Nalisema mimi.

Masika yalipoanza maji ya tangi yalibadilika, yakawa na rangi ya chai dhaifu. Wasichana wakaanza kuharisha mmoja baada ya mwingine. Ndipo ikatolewa ile hotuba ya kuchemsha. Rafiki yangu alianza na kichwa, kisha homa iliyokuwa ikipanda jioni na kutulia asubuhi, naye asubuhi alivaa akaenda darasani kwa sababu mitihani ilikuwa karibu. Matroni alimpa aspirini. Alipozidiwa alimpa aspirini nyingine na kumwambia asile pilipili. Hakuna aliyekuwa anakula pilipili. Tulikuwa tunakula maharage.

Jumapili moja, baada ya watu kutoka misani, tumbo lake likawa gumu kama ubao. Hakuweza kujinyoosha. Alikuwa analia bila sauti, na midomo imekauka.

"Mimi iko naumwa sana," aliniambia. "Lafiki yangu, siyo kawaida hii."

Nilikwenda kwa mwakilishi wa wanafunzi. Lazima nieleze alikuwa nani. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, mwaka wa mwisho, kijana wa chama kilichokuwa kikitawala, na alikuwa mwakilishi wetu kwa sababu mkurugenzi alisema ndiye. Hatukumpigia kura. Mwakilishi alipewa chumba chake peke yake, chenye ufunguo, bomba la maji na dirisha la kutazama mji, huku wenzake wakibanana. Alikula na walimu. Chumba hicho kilikuwa katika jengo la utawala, mlango wa pili kutoka ofisi ya mkurugenzi, na hapo ndipo nilipomkuta, anapiga pasi shati.

"Kaka, kuna mgonjwa bwenini," nikamwambia. "Hali yake mbaya. Tunahitaji gari la chuo limpeleke hospitali."

"Leo Jumapili. Mkurugenzi amesafiri."

"Wewe upo."

"Gari si langu."

"Lakini dereva atakusikiliza. Mwambie tu."

Aligeuza shati upande wa pili. "Nikianza hivyo, kesho kila mwenye kuumwa kichwa atataka gari. Nitalipeleka suala hili kwenye kikao."

"Kikao ni lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Nilimtazama anavyoinyoosha kola. Nikatoka. Dereva nilimkuta amekaa ndani ya gari lenyewe, mlango wazi, anasikiliza redio.

"Dada," alisema, na uso wake ulionyesha kweli amesikitika, "gari iko, petroli iko, na mimi iko. Ruhusa ndiyo hakuna. Nikitoka bila ruhusa, kesho watoto wangu hawali."

Yeye simlaumu, alikuwa na mtu wa juu yake.

Tukamfunga rafiki yangu ndani ya blanketi, wasichana tukashika pembe, tukamteremsha mpaka barabarani. Mvua ilikuwa inanyesha. Magari yalipita. Mlinzi wa geti alituita turudi tujiandikishe, hatukugeuka. Mwishowe ilisimama kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyobeba mabati. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa Kimisagara, mtaa jirani na wetu, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, na aliponisikia nikiwaambia wenzangu kwa Kiswahili wamshike vizuri kichwa, akashuka.

"Wewe binti wa nani?"

"Wa fundi cherehani wa Gitega, mzee."

"Mpandisheni. Sogezeni mabati hayo, msimwekee kitu kigumu mgongoni."

Akavua koti lake la mvua akamfunika. Kabla ya kufika mjini tulikuta kizuizi cha askari, maana tangu vita vianze kule kaskazini vizuizi vilikuwa kila mahali. Askari aliomba vitambulisho vyetu sote na cha mgonjwa pia. Changu alikitupia jicho. Cha rafiki yangu alikishika muda mrefu, akakigeuza, akamulika uso wake na tochi ingawa ilikuwa mchana.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Hospitali," nikasema.

"Sikukuuliza wewe. Aseme mwenyewe."

Hakuweza kusema. Alikuwa anatapika kwenye koti la yule mzee. Askari alitungojesha mvuani, akamwita mwenzake, wakashauriana. Mzee alishuka, akazungumza nao kwa upole mkubwa ambao mimi nisingeuweza, akawaita wanangu, akawaeleza kuwa mtoto anakufa. Wakaturuhusu. Akarudi nyuma ya usukani, akatupeleka moja kwa moja hospitali.

Daktari alimpasua jioni ile ile. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo. Alitoka akiwa amechoka, akaniuliza mimi ni ndugu yake nani, nikasema dada.

"Anakunywa maji gani huko kwenu?"

Nikamweleza kuhusu tangi, bonde, hotuba na majiko yaliyochukuliwa.

"Mko chuo kikuu," alisema, polepole, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

"Ndiyo, daktari."

"Mngengoja kesho, mngeniletea maiti."

Rafiki yangu alikaa hospitalini mpaka mitihani ikapita. Mama yake alikuja, akalala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe, na mama yangu alikuwa akituma uji kutoka Gitega. Hakuna mtu wa chuo aliyefika, si matroni, si mwakilishi, si mwalimu hata mmoja. Aliporudi chuoni, nguo zikimning'inia, alikuta amefukuzwa. Sababu: hakufanya mitihani, na hakuwa na ruhusa ya kutokuwepo.

Nilikwenda naye ofisi ya masomo. Mkuu wa masomo alikuwa mtu mwenye adabu, hilo lazima nikiri. Alitupatia viti.

"Ruhusa ya kuondoka chuoni hutolewa na mkurugenzi," alisema.

"Mkurugenzi alikuwa safarini," nikasema.

"Basi hakuna ruhusa iliyotolewa."

"Alikuwa anakufa, Bwana Mkuu. Daktari alimpasua."

"Nasikitika sana. Lakini fikirini na sisi. Nafasi za watu wa upande wake ni chache, mnajua, na wanaozingoja ni wengi. Yake amekwishapewa mwingine."

Alilitamka hilo la "upande wake" kwa sauti ile ile ya adabu, akinyoosha kalamu zake mezani. Rafiki yangu alisimama, akamshukuru. Alimshukuru! Nje nilimuuliza anamshukuru kwa lipi, na nilimuuliza kwa ukali, kwa kuwa hasira ilikuwa imenijaa na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akasema mama yake ndivyo alivyomfundisha, ukitoka ofisini shukuru, ili siku nyingine usifungiwe mlango. Alikunja nguo zake mchana huo. Rozari aliitoa kwenye msumari mwishoni kabisa.

"Basi," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi nakwenda kurima na mama."

Kitanda cha juu kikabaki na godoro tupu mpaka muhula uliofuata. Nilikuwa nikiamka nalitazama. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya namna ambayo haikuacha nafasi ya kitu kingine, nikitembea nayo, nikila nayo. Mama aliniambia nitaugua. Baba aliniuliza kitu kimoja tu: "Sasa hasira hiyo unaipeleka wapi?"

Wakati huo vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa. Vijana walijaza mitaa na kofia za rangi, na chuoni ikawa vivyo hivyo. Mkurugenzi, kwa kuona upepo, akatangaza kwamba safari hii wawakilishi watapigiwa kura na bweni la wasichana litakuwa na mwakilishi wake. Siku hiyo hiyo wakaanza kuja. Wenye kofia za chama tawala walisema tuwape kura watatutengenezea maji. Wenye kofia za upinzani walisema maji machafu ni kazi ya chama tawala, kwa hiyo tuwape wao. Mmoja wao alikuja na karatasi ya kunisainisha, inayosema mgonjwa wetu alikuwa mwathirika wa serikali. Nilimuuliza mgonjwa anaitwa nani. Hakujua. Nilimuuliza kama alishawahi kuteremka bwenini kwetu kutazama tangi. Hakuwahi.

Niligombea bila kofia. Siku ya kujieleza wengine walisema kwa Kifaransa, mimi nikasema kwa Kinyarwanda, na nilipofika mahali pa kueleza jinsi tulivyomteremsha mwenzetu ndani ya blanketi nilisahau nikaingia Kiswahili. Wavulana wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. "Mswahili, Mswahili." Nikangoja mpaka wakachoka.

"Ndiyo, ni Mswahili," nikawaambia. "Aliyesimamisha gari siku hiyo naye alikuwa Mswahili. Wengine wote walikuwa wasomi."

Wasichana walinipa kura karibu zote.

Kesho yake mkurugenzi aliniita, akanipa mkono, akanipa ufunguo. Chumba kile cha yule mwakilishi wa zamani sasa kilikuwa changu, na yule wa wavulana amepata cha pili yake. Akanionyesha bomba, akalifungua mwenyewe, maji yakatoka meupe. Akanieleza kwamba chakula nitakula na walimu.

"Mwakilishi anahitaji utulivu ili afanye kazi vizuri," alisema.

Nilimshukuru, na nadhani alifurahi kuona nimekuwa mtu wa kueleweka. Sikuhamia. Siku hiyo hiyo tulibeba vitanda kutoka bwenini na magodoro yake tukavipanga ndani ya kile chumba. Mama alituma jiko la makaa na sufuria kubwa ya shughuli. Mwenzetu mmoja aliyesomea uuguzi kabla ya kuja chuoni akachukua usimamizi. Wagonjwa wakalala pale, na yeyote aliyetaka maji ya kunywa alikuja na bidoni, dumu lake la maji, mlango wa pili kutoka kwa mkurugenzi, maji yamechemka. Foleni ilipita mbele ya dirisha la ofisi yake. Moshi nao ulipita hapo.

Matroni alikuja wa kwanza. Alisimama mlangoni, akaona jiko, akanyoosha mkono.

"Madamu," nikamwambia, "safari hii ni zito, na lina moto. Utalibeba kwa vidole vingapi?"

Akaenda kumwita mkurugenzi, na mkurugenzi akaja mwenyewe.

"Hiki ni chumba cha mwakilishi," alisema.

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi. Na mwakilishi ni mimi."

"Utalala wapi?"

"Kitandani kwangu, bwenini."

"Unanidharau."

"Ulisema tuchemshe maji. Tunachemsha."

Alinipa mpaka siku ya pili niondoe kila kitu, ama niondoke mimi mwenyewe chuoni. Niliwaeleza wasichana. Asubuhi hakuna aliyekwenda darasani. Tulikaa kwenye ngazi za jengo la utawala, kila mmoja na bidoni yake tupu, na anayetaka kupanda ilibidi aombe njia. Hatukuimba, hatukubeba bango. Wavulana wa kofia moja walikuja wakakaa nasi kuwaudhi wa kofia nyingine. Kisha wale wengine nao wakaja ili wasionekane wamebaki nyuma. Niliwaambia kofia wavue. Wengine walivua. Mwakilishi mpya wa wavulana alikaa juu kabisa ya ngazi, kati yetu na ofisi, ili aonekane na pande zote mbili, na mtu huyo nilimchukia kuliko mkurugenzi.

Baraza la chuo lilikutana kwa haraka, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliruhusiwa kuingia. Nilipofika nilikuta hakuna kiti changu. Mmoja akaniambia naweza kusimama karibu na mlango, na kwa kuwa nimesimama nisaidie kumimina chai. Birika lilikuwa pale. Nikalishika, nikaliweka chini sakafuni, nikaenda chumba cha jirani nikajiletea kiti. Walizungumza mambo mengine nikiwa nakivuta mezani.

Sitasimulia kikao chote. Kilikuwa kirefu, na sehemu kubwa ilihusu heshima yao. Mwishowe walikubali kutoboa lile bomba nyuma ya ukuta wetu na kuweka koki bwenini, jambo lililochukua mafundi asubuhi moja. Asubuhi moja tu! Miaka yote ile ya tangi, na ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Walikubali chumba kibaki cha wagonjwa. Walikubali kibanda cha majiko nje ya bweni. Kila walipokubali kitu walikisema kama zawadi.

Halafu nikataja jina la rafiki yangu. Mkuu wa masomo alirudia habari ya ruhusa, neno kwa neno.

"Aliyekuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa hakuwepo," nikasema. "Aliyekuwepo hakutaka kusumbuliwa. Sasa nani alikosa?"

"Wewe unasema kama wakili," alisema mkurugenzi.

"Nasema kama niliyembeba."

Walinitoa nje wakashauriana. Waliponirudisha, mkurugenzi alisoma uamuzi: baraza limemhurumia, anaweza kurudi kurudia mwaka. Hawakusema wamemkosea. Nilitaka neno hilo na sikulipata. Nilifungua mdomo kulidai, na mwalimu mmoja wa makamo, ambaye kikao kizima hakuwa amesema kitu, akanitikisia kichwa kidogo, kunionya nisiharibu kilichopatikana. Nikaliacha. Nilimwandikia rafiki yangu arudi.

Alirudi baada ya mavuno, akatundika rozari kwenye msumari wake, akateremka kwenye koki, akaifungua na kuifunga, akaifungua tena. Kovu lake lilikuwa refu, alinionyesha. Nilimwambia habari ya huruma, jinsi ilivyoniuma.

"Wewe unataka washindwe," alisema. "Mimi nataka hesabu zangu."

Alizipata. Alikuwa wa kwanza darasani muhula ule, mbele ya wote, pamoja na aliyepewa nafasi yake. Pasaka ya mwaka wa tisini na nne akaenda kwa mama yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa amenunua sukari na sabuni, na alikuwa anaongea Kiswahili njia nzima ili dereva asikie anavyokijua.

Yaliyotokea Aprili yanajulikana. Kwetu Gitega baba alifunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma, na Watutsi walioingia kwa nyuma walilala chini ya vitambaa vyake mpaka yalipokwisha, isipokuwa wawili waliotoka kutafuta watoto wao. Julai nilianza kuulizia watu wa vilima vya mashariki. Katika soko la Kicukiro nilimpata mwanamke wa kijiji chake. Alikuwa anauza nyanya chache juu ya gunia. Aliniambia rafiki yangu na mama yake waliuawa pamoja, na waliowaua ni watu waliokuwa wanachota nao maji kisima kimoja. Aliwataja. Hakuficha jina.

Mtu mmoja alitaka kunifariji. Aliniambia sasa naona jinsi yale mambo yetu ya koki na vitanda yalivyokuwa madogo. Nilimkatalia pale pale na nitamkatalia mpaka nife. Waliomuua hawakumwona mtu, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye ofisi safi, kwenye kiti nilichopewa kwa adabu, nikawasikia wasomi wakizoea kutomwona mtu. Hayo hayakuwa madogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiendelea siku za kawaida, mvua ikinyesha, shati likipigwa pasi.

Walipojaribu kukifungua tena chuo, tuliitwa tuliobaki. Ukumbi ulikuwa na nafasi nyingi. Uongozi ulikuwa mpya, watu waliorudi kutoka nje ya nchi, baadhi yao wakisema Kiswahili bila haya. Walitueleza kwa upole kwamba, kwa kuwa hali ni tete, kwa sasa wawakilishi wa wanafunzi watateuliwa, na uchaguzi utakuja mambo yakitulia. Waliniomba niwe mmoja wa wateule, kwa uzoefu wangu.

Nikasimama. Nilisema sitateuliwa, na kwamba tutapiga kura leo, humu humu, kwa kunyoosha mikono, hata kama mikono ni michache. Mmoja wao aliniomba niketi tuzungumze baadaye. Nikabaki nimesimama. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma yangu, nisiyemjua, akasimama naye, kisha mwingine, na kule mbele viongozi wakaanza kunong'onezana.